Maji ya Chumvi Niliyonawia Miguu

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, ingawa wenzangu wangependa kuisimulia wao. Usicheke kuitwa mwanangu na kijana asiye na ndevu: wewe umeingia shule ya Wadachi, hawa Wajerumani, juzi, mimi huu ni mwaka wa tatu. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Asubuhi ile mwalimu wetu, mtu wa pwani, alitufundisha kwamba vitu vya duniani ama ni kitu kimoja kitupu, ama vimechanganyika. Vilivyochanganyika hutenganishwa: ukichuja mchanga na maji, kigumu hubaki juu ya chujio. Alikuwa hajamaliza, ila mimi nilikuwa namwigiza anavyojikuna tumbo, darasa linacheka. Akanitoa nje. Nikaenda zangu nyumbani na nusu ya somo, kifua mbele.

Bibi alikuwa amekwangua udongo wa chumvi kule mbugani Bahi siku mbili nzima. Aliujaza kwenye chungu chenye matundu chini, akaumwagia maji, yakawa yanadondokea chungu cha pili. Mwaka ule mtama ulikauka. Kesho yake mama alikuwa aondoke na wanawake wenzake, wakabadilishe chumvi kwa nafaka.

"Nilindie vyungu," Bibi akasema, akaenda kuni.

Nikachungulia. Chini maji maangavu, juu udongo. Nikajiambia, masikini Bibi, hajasoma: chumvi ni kigumu, imebaki juu. Nikanawa miguu kwa yale maji, yaliyosalia nikamwaga.

Aliporudi, ndama alikuwa ananifuata uani, ananilamba miguu.

"Maji yangu yako wapi?"

"Nimemwaga, Bibi. Chumvi yako hii hapa juu."

"Hebu ilambe."

Nikalamba. Tope tupu.

"Huyu ndama hajakanyaga shule," akasema, "lakini kajua chumvi iliko."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lililambwa tu. Walioumia ni wengine. Wanawake waliondoka bila mama, tukashindia mlenda bila ugali, na mdogo wangu akilia njaa kila jioni. Bibi hakunichapa. Alinipa jembe, nikakwangua udongo upya mpaka viganja vikapasuka.

Kisha nikarudi kwa mwalimu kuomba nusu iliyobaki.

"Chumvi huyeyuka, ikapita na maji," akasema. "Chemsha, maji yapae, yenyewe ibaki. Na hiyo chumvi ni vitu viwili vilivyoshikana. Chujio halivitengi, wala jiko la bibi yako."

"Na shaba, nayo ni vitu viwili?" nikauliza.

"Shaba hata uiponde, uiyeyushe, ni shaba. Haya, kaa chini, na tumbo langu liache."

Basi mwanangu, usidhani kitu ni kimoja kitupu kwa kuwa kinang'aa. Kuna michanganyiko ambayo jicho haliioni. Somo lisikie mpaka mwisho kabla hujalipeleka nyumbani. Na kazi ya mkubwa usiitie mkono kabla hujamuuliza kwa nini anaifanya hivyo. Mungu akupe masikio mapana kuliko mdomo, na kwenu mtama usikauke.