Kuni za Chimala

Baba alikuwa mbishi wa mambo mengi, na kuni zilikuwa mojawapo. Hakupenda kuchoma mti ambao hakuwahi kuuona umesimama. "Kuni ya ugenini hujui imelala na nani," alikuwa akisema, na Mama anamwambia aache maneno hayo mbele ya watoto. Kwetu, juu kidogo ya Nyololo, miti haitafutwi. Tulipikia kuni za miti ya miwati tuliyoipanda wenyewe nyuma ya nyumba, ambayo moshi wake ulitutoa machozi asubuhi na jioni, na sisi wasichana tulilalamika mpaka tukaolewa.

Juu ya moshi huo, kwenye dari ya jikoni, ndipo Baba alipotundika mahindi yake ya mbegu. Ni mbegu aliyoachiwa na mama yake. Kila mavuno alichagua mahindi yenye mistari iliyonyooka, akayafunga mawili mawili kwa maganda yake. Siku za manyunyu alipanda huko darini akakaa akipukuchua, nasi chini tunamsikia: kru, kru, kru. Mbegu ya dukani aliiita ya kuazima, kwa sababu lazima uirudie kila mwaka.

Alifariki mwezi wa saba, kwenye ukungu wenyewe, kuni za kijiji kizima zimelowa. Baba mdogo anaishi Chimala, kule bondeni kwenye joto. Alifika na Fuso imejaa kuni kavu, ngumu, zilizowaka bila moshi kabisa. Wanawake waliokuwa wakipika msibani walimsifu mpaka akaona haya. Na kuni za msiba kwetu hazikataliwi, wala zikibaki haziuzwi. Anayekuletea amekushika mkono, basi unapikia mpaka ziishe. Zilizobaki zilipandishwa darini zisinyeshewe, zikapangwa kando ya mahindi ya Baba. Sote tulifurahi kwamba macho ya Mama yatapumzika.

Nikarudi Mbeya kwenye kazi zangu. Haikupita muda mrefu, Mama akanipigia simu.

"Baba yako yuko darini," alisema.

Mama ni mzee wa kanisa, Mlutheri wa kweli, habari za mizimu hataki hata kuzisikia. Nilikaa chini.

"Anapukuchua. Mchana kabisa, nikiwa peke yangu. Mi namjibu tu."

Nikamwambia hao watakuwa panya. Akasema panya anawajua tangu hajazaa, na akakata simu. Tangu hapo kila nilipompigia nilisikia ametulia kupita kiasi, tena mchangamfu, na uchangamfu huo ndio ulioniogopesha.

Mvua za kupandia zilipokaribia nikaenda. Nilimkuta jikoni. "Kamwene, Mama," nikamsalimia, naye akaniwekea kidole mdomoni. Nikasikiliza. Wallahi, Mungu anisamehe, nilimsikia Baba. Kru, kru, kru, taratibu, palepale alipozoea kukaa. Kisha vumbi jeupe likashuka kutoka darini, laini kama unga wa sembe, likatua kwenye kigoda cha Baba. Mama hakuwa amelifuta. Lilikuwa limerundikana.

"Anajua nakaribia kupanda," alininong'oneza. "Shamba nimelima lote. Mbegu ya watu nimekataa. Yake ikiota tu, nitamwona tena pale shambani. Nimeshamwambia."

Nikapanda ngazi. Mahindi yalikuwa yamening'inia mahali pake, mawili mawili, na maganda yake yote, na kwa sekunde nilifurahi. Nikashika moja. Likavunjikia mkononi likawa unga, na ndani ya unga wakatembea wadudu wadogo weusi, wanene. Dumuzi. Nikashika la pili, la tatu. Kisha nikageukia kuni. Kila gogo lilikuwa na vitobo, na chini ya kila gogo kuna vumbi lilelile. Walikuja na Fuso, wamelala ndani ya kuni, na walipoamka walikuta mahindi jirani na moto usio na moshi wa kuwafukuza. Ule moshi tuliokuwa tukiutukana ndio uliokuwa ukilinda mbegu miaka yote hiyo.

"Yupo?" Mama aliuliza kutoka chini.

Nilishuka na hindi moja, nikamwekea kiganjani. Aliliminya, likatoka unga na mdudu mmoja. Alimwangalia yule mdudu akitembea kwenye mstari wa mkono wake, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma.

"Baba yako mdogo asijue," akasema. "Alileta kwa moyo."

Alipanda mwenyewe na ungo, akapepeta kila kitu, akitafuta hata punje kumi nzima. Hakupata. Tulishusha kuni zote na maganda, tukavichoma uani, na tukawasha miwati mibichi jikoni mpaka tukakohoa. Kesho yake nilikwenda Nyololo nikanunua mbegu dukani. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru kama mgeni.

Mchana ule mvua ilinyesha tukakaa jikoni. Aliinua uso akatega sikio kuelekea darini. Kulikuwa kimya.

"Haya," akasema. "Sasa ndiyo amekufa."

Akalia kwa sauti, ameshika kichwa. Siku ya mazishi hakulia hivyo.