Mvua ya Korogwe Si Mvua ya Handeni

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kituo cha hali ya hewa cha Ngombezi, wilayani Korogwe, nilifika nimevaa viatu vya mchuchumio. Mkuu wa Kituo, mzee mwembamba aliyeanza kupima mvua mimi sijaanza shule, alivitazama viatu, akatazama majani yaliyolowa umande, akasema, "Binti, huku tunaingia kila siku saa tatu asubuhi, iwe jua, iwe mvua, uwe na harusi au msiba. Hivyo utavaa Jumapili."

Kituo chenyewe kilikuwa uwanja mdogo uliozungushiwa waya katikati ya mkonge. Kulikuwa na kipima mvua, yaani ndoo ya shaba yenye mdomo wa duara na chupa ndani yake. Maji yaliyoingia usiku tuliyamimina kwenye bilauri yenye alama za milimita. Pembeni lilisimama sanduku jeupe la mbao lenye mianya ya kupitisha hewa, ambamo vipimajoto vilikaa kivulini. Nilikuwa nimetarajia mitambo inayolia na kuwaka taa. Nilivunjika moyo, sifichi.

Mzee yule alikuwa na ugomvi mmoja na dunia. Mtu akipita na kusema, "Jana Korogwe mvua ilikuwa kubwa," alikuwa akimsimamisha na kumuuliza, "Korogwe ipi?" Mimi nilidhani ni ukali tu wa uzeeni.

Nilimwelewa nilipohamishiwa Bungu, juu milimani, katika wilaya hiyohiyo ya Korogwe. Ngombezi nilikuwa nalala bila shuka kwa joto. Bungu nililala na sweta na soksi na bado meno yaligongana. Upepo wenye unyevu hutoka upande wa bahari. Ukikutana na milima hulazimika kupanda, ukipanda unapoa, na ukipoa unyevu wake unageuka mawingu na mvua. Nguo zangu zilikaa kwenye kamba mpaka zikaanza kunuka. Mkuu wa Kituo wa huko, mama wa Kishambaa asiyependa malalamiko, aliniambia, "Ukingoja jua ndipo ufue, utavaa uchafu. Fua, anika jikoni, uende ukasome vipimo."

Baadaye nikapelekwa Handeni, kwenye ofisi iliyokuwa Chanika, chini ya Afisa Kilimo wa Wilaya. Huko kazi yangu ilikuwa kuwafafanulia wakulima utabiri wa msimu. Utabiri ukisema mvua za vuli zitakuwa "za wastani", maana yake ni kiasi kilichozoeleka kwa miaka mingi. Lakini ulitolewa kwa kanda nzima, kwa hiyo sentensi moja ilibeba milima yenye ukungu na nyika yetu yenye vumbi. Afisa Kilimo alilijua hilo. "Hakuna anayelima kanda," aliniambia. "Watu wa Kwaluguru wanalima Kwaluguru. Nenda ukawaambie ya kwao."

Tatizo ni kwamba mmoja wa watu wa Kwaluguru alikuwa baba yangu.

Baba, Mzee Kasiani, alikata mkonge Ngombezi tangu ujana wake, kama babu aliyekuja kutoka kusini kuufuata huohuo mkonge. Kazi ilipokwisha alipata shamba Kwaluguru akahamia huko. Alikuwa na mbegu ya mahindi ya kumtosha msimu mmoja, basi. Nikimwambia nitamsaidia, anakasirika. "Nile mshahara wa binti yangu na mikono ninayo?"

Vuli ile mvua ya kwanza ilishuka kwa kishindo. Tuliitisha mkutano, nikawaeleza wakulima kwamba Handeni mvua ya kwanza mara nyingi hupita, kisha jua linarudi kwa muda. Nikawaomba wasipande mpaka unyevu ushuke ardhini kina cha jembe. Baba alisimama katikati ya watu.

"Mtaalamu," akasema, "mimi ni baba yako. Milima ile naiona hapa nilipo, imefunikwa na mawingu. Nimeishi chini yake maisha yangu yote. Ikifunikwa hivyo, mvua haikauki. Leo unifundishe wewe?"

Watu wakacheka. Bibi Mwanahawa, Mzigua jirani yake, alimjibu kwa upole, "Mzee Kasiani, mawingu yale ni ya Korogwe. Sisi huku tunayatazama tu."

Baba hakusikia la mtu. Pale Ngombezi, chini ya milima yenyewe, angekuwa sahihi kabisa, na hapo ndipo mtego ulipokuwa. Alipanda mbegu yote. Mahindi yakaota vizuri, mpaka nikaanza kuona aibu mbele yake. Kisha jua likawaka, na kila siku milima ilionekana kwa mbali imejaa mawingu, na huku kwetu halikudondoka tone. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta ameketi kando ya shamba, miche imesinyaa. Hakuniangalia. Niliumia kuliko siku zote nilizowahi kuumia kazini, kwa sababu nilikuwa nimesema kweli na haikumsaidia mtu.

Bibi Mwanahawa alitukuta palepale. Alibeba mahindi ya mbegu yenye masizi, yaliyokuwa yakining'inia juu ya jiko lake. Wazigua wa pale hawapandi mbegu yote kwa mvua ya vuli. Nyingine hubaki juu ya moshi, ya kwao na ya jirani ambaye mazao yake yataunguzwa na jua.

"Siwezi kupokea," baba akasema. "Mimi mgeni hapa."

"Mgeni gani anayebishana na mkutano mzima?" Bibi akamjibu. "Hayo ni mambo ya wenyeji. Pokea, mkono wangu umechoka."

Baba akapokea. Machozi yalimtoka, akayafuta na kofia. Kisha akanigeukia na kuniuliza, taratibu, apande lini. Sikutoa hotuba. Nilichukua jembe nikachimba, akatia mkono ndani ya shimo. Udongo wa chini ulikuwa mkavu. Tukangoja. Mvua ilipokuja safari hii ilikuja na upepo wa upande wa bahari, ikaloanisha mpaka chini, naye akapanda.

Sasa nimestaafu, nimejenga karibu naye. Vijana wana utabiri kwenye simu, na ni mzuri kuliko tuliokuwa nao sisi. Naufuata mwenyewe kila asubuhi. Ila mtu akinionyesha simu kwamba Tanga mvua itanyesha, namuuliza Tanga ipi, na najua wananiona bibi mkorofi. Kazi hii haikunipa utajiri wala cheo kikubwa. Nikiulizwa kama ningeichagua tena, ningeichagua.

Baba bado yupo, ingawa macho yamefifia na milima haioni tena. Vuli iliyopita binamu yake wa Ngombezi alimpigia simu kwa furaha, akimwambia mvua imeanza, watu wote wako shambani, naye awahi kupanda. Nilikuwa namenya mihogo pembeni, nikasimamisha kisu nisikie atakavyojibu.

"Hongereni," baba akasema. "Hiyo ni ya kwenu. Kwetu bado."