Ndoo ya Mlangoni

Watu husema wifi na wifi hawapikiki chungu kimoja. Si uongo. Mimi na mke wa mdogo wangu tumeshagombana kwa sabuni, kwa malezi ya watoto, kwa redio, na kwa ile tabia yake ya kuingia kwenye kibanda changu cha cherehani na viatu vimejaa udongo, akaniachia matope juu ya vitambaa vya wateja. Lakini mtu baki akimwonea wifi yangu, hapo tutakosana. Kumwonea ni kazi yangu mimi.

Huyu wifi ni mtu wa mimea. Anasomea udaktari wa maharage. Ndiyo, maharage, usicheke, mimi nilishacheka nikachoka. Alianza kabla mtoto wake wa mwisho hajazaliwa, na mtoto huyo sasa anajifunga kamba za viatu mwenyewe. Anachotafuta ni maharage yasiyotupa maua wakati wa joto kali. Jua likizidi, maharage hupukutisha maua, na ua likianguka hakuna ganda, na ganda lisipokuwepo mkulima amepoteza msimu. Hilo nililielewa mara moja. Kilichonishinda ni wale watu aliofungwa nao nira moja.

Maana wafadhili wa siku hizi hawataki mtu afanye kazi yake akaimaliza. Wanataka "mradi wa pamoja." Basi chuo kikamchukua wifi na maharage yake, kikamchukua injinia mmoja na mashine yake ya kumwagilia inayojiendesha, halafu juu yao kikamweka profesa wa menejimenti, mtaalamu wa uongozi wa makampuni, ili achunguze namna watu wa fani tofauti wanavyofanya kazi bila kutoana macho. Manahodha wengi, chombo kikaanza kwenda mrama tangu siku ya kwanza. Wakiitana kwenye kikao, injinia anazungumzia waya, wifi anazungumzia maua, na profesa anawaambia wafunge macho wavute pumzi. Wifi alikuwa akirudi nyumbani kutoka kwenye vikao hivyo, anaweka mkoba chini na kusema neno moja tu: "Jamani."

Profesa huyo wanafunzi walimpa jina la Mzee Uwajibikaji. Ndilo somo lake. Anaalikwa na mabenki na viwanda kuwafundisha mameneja wakubwa namna ya kukiri kosa. "Kiongozi wa kweli," anasema, "hujitokeza na kusema: ni mimi." Nimemsikia mwenyewe akilisema hilo redioni nikiwa napiga pasi, nikamwambia mteja wangu, huyo ni msimamizi wa wifi yangu, nikajisikia fahari. Loo, fahari nyingine bora zikupite tu.

Sasa sikiliza hiyo mashine. Kitalu chao ni banda refu la nailoni nyuma ya chuo, na maharage yamepandwa kwenye ndoo za plastiki, safu kwa safu. Kila ndoo ina kijibomba chake cha maji. Injinia alitaka kuweka kipimo cha unyevu kwenye kila safu, lakini ofisi ya manunuzi ikakalia karatasi zake mpaka akakata tamaa. Akabaki na kipimo kimoja, kama uma wenye meno mawili, unaouchomeka kwenye udongo. Waya wake ulikuwa mfupi, kwa hiyo ukafika kwenye ndoo moja tu, ile ya mlangoni. Basi ndoo hiyo ikawa ndiyo inayozisemea nyingine. Udongo wake ukikauka, mabomba yote yanafunguka. Udongo wake ukiwa na maji, mabomba yote yanafungwa. Wifi hakuipenda habari hiyo, lakini alikuwa anapita kila siku kuangalia kwa macho yake, na mambo yakaenda.

Yakaenda mpaka alipougua. Homa ya matumbo, hiyo inayomlaza mtu akawa kama nguo iliyokamuliwa. Ilimshika wiki zile zile ambazo maharage yameanza kutoa maua. Mdogo wangu akampeleka hospitali, wakamlaza, wakamtundikia dripu. Na yeye, badala ya kuuliza habari za watoto wake, akanishika mkono: "Wifi, nenda ukaniangalizie kitalu." Nikamwambia aache ujinga, alale. Akasema msimu huu ndio wa mwisho. Ameshaongezewa muda mara moja, na chuo kimemwambia wazi kwamba asipopata matokeo safari hii, jina lake linafutwa. Miaka yote ile, basi tena.

Nikaenda. Ningefanyaje? Nilipita asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Nikaona majani yamelegea, yamening'inia. Nikampigia injinia simu. Injinia akaniambia, kwa sauti ya mtu anayekula huku anaongea, "Dada, mashine inasoma vizuri kabisa, unyevu upo. Hiyo mimea inapewa joto kwa makusudi, ndio utafiti wenyewe." Mimi ni fundi wa nguo, nitabishana nini na mashine? Nikajibu haya, asante. Siku iliyofuata nikapita tena, yamelegea zaidi. Nikampigia tena, akanijibu yale yale, ila safari hii hakuwa anakula. Huyo naye alikuwa anafika pale kila siku, lakini anasimama anatazama kioo cha mashine, anaridhika, anaondoka. Mimea yenyewe hakuitazama hata kwa bahati mbaya!

Siku hiyo ya pili ndipo nilipomkuta profesa. Anaingia, suti safi, chupa ya maji mkononi. Hakufika hata safu ya kwanza. Alisimama pale pale mlangoni, akafungua chupa na kuyamimina maji yote kwenye ile ndoo, taratibu, huku anaimba imba kwa puani. Akanigeukia na kutabasamu. "Mama, meneja mzuri lazima aishike kazi kwa mkono wake," akaniambia. "Mimi tangu binti yetu alazwe, kila nikiingia ofisini na kila nikitoka, huyu rafiki yangu nampa kinywaji." Nikamwona ana roho nzuri.

Nilipofika hospitali nilimkuta wifi amekaa, ameanza kunywa uji. Nikaona nimchangamshe kidogo. Nikamwigiza profesa wake, suti na nyimbo za puani na chupa. "Kila asubuhi na kila jioni," nikamwambia, "ile ndoo ya mlangoni imeota mume."

Kikombe kikamponyoka.

"Ndoo gani?"

"Ya mlangoni. Ile yenye uma."

Alichomoa dripu. Nakuambia alichomoa dripu kwa mkono wake, damu ikamtiririka, akaweka miguu chini anatafuta viatu. Nesi akaja mbio akipiga kelele, mimi nikamkumbatia kiunoni, na yeye analia na kusema, "Wifi, zimekauka zote! Ndoo moja inakunywa, nyingine zote zinakufa!" Ndipo na mimi nikaelewa. Nilishikwa na hasira mpaka nikasahau kumwachia, akaniambia namvunja mbavu.

Injinia alikimbia akafungua mabomba kwa mkono, nikubali hilo. Lakini ilikuwa imechelewa. Maua yote yalikuwa chini, yamekauka, na mimea mingine imekufa kabisa. Ndoo ya mlangoni peke yake ilisimama pale imenawiri, majani mapana, imebeba maganda kama bibi harusi aliyebeba bangili.

Wifi alipopata nafuu kidogo alimwendea profesa ofisini. Alimweleza kwa adabu zote. Profesa akamsikiliza, akatikisa kichwa na kumjibu, "Binti yangu, tusitafute mtu, tutafute mfumo." Halafu akampa karatasi ya makala yake akaisome. Makala ya uwajibikaji! Mganga hajigangi, sawa, lakini huyu alikuwa anamwuzia dawa yule aliyemlisha sumu.

Chuo kikaitisha kamati. Sharti lilikuwa moja: kama hasara haikuletwa na mwanafunzi, atapewa msimu mwingine. Kama haijulikani imeletwa na nani, basi ni ya mwanafunzi. Wakamwambia pia alete mmea mmoja uliopona waukague. Nikamwambia wifi, "Si rahisi hiyo? Nitasimama mimi niseme nilichokiona kwa macho yangu mawili."

Akanikatalia. "Yule ni msimamizi wangu, wifi. Ndiye anayesaini. Wewe fundi cherehani umshitaki profesa, watasema nimekufundisha uongo. Nakuomba, kwa jina la watoto wale. Ukifungua mdomo, umenizika."

Mimi! Nisifungue mdomo! Ndugu zangu wote wanajua mimi nikinyamaza ni kwamba nimelala. Lakini nilimwona alivyokonda, shingo imekuwa kama ya kuku, nikaapa. Na kwa kuwa hakuwa na nguvu za kubeba ndoo, niliibeba mimi. Nikaingia nayo kwenye chumba cha mikutano, nikaiweka mezani walipoonyesha, karibu na profesa, nikakaa kwenye kiti cha ukutani. Mwenyekiti, mama mmoja mzee wa miwani mizito, akauliza mimi ni nani. Wifi akamjibu, "Ni wifi yangu, amenisaidia mzigo." Nikauma ulimi.

Injinia alitangulia. Akasema mashine ilisoma sahihi, ndoo ile ilikuwa na maji kweli. Maji yalitoka wapi? Yeye ni mtu wa mashine, hajui. Niliuma ulimi zaidi.

Akaja profesa. Mwenyezi akuepushe. Alizungumza mpaka feni ya darini ikaonekana imechoka. Kulikuwa na pengo la mawasiliano baina ya wadau. Kulikuwa na mwingiliano usiotarajiwa. Unyevu uliongezeka. Maji yalimwagika. Yalimwagika! Kama vile yalitoka bombani yenyewe, yakavaa suti, yakatembea mpaka mlangoni. Nilikunja kitambaa changu mkononi mpaka kikaanza kuchanika, na wifi aliniangalia kwa jicho la kuniomba.

Mwenyekiti akamwuliza, "Profesa, hilo pengo lina jina?"

"Ni la kimfumo, mama mwenyekiti."

"Nani alikuwa anaimwagilia ndoo hii?"

"Katika kazi ya pamoja, swali la nani hutugawa."

Mwenyekiti akavua miwani, akamgeukia wifi. Sauti yake ilikuwa ya huruma, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Mwanangu, kamati haiwezi kuandika mfumo. Una jina la kutupa?"

Wifi akamtazama msimamizi wake. Nilijua anampigia hesabu yule bwana na saini yake. Akainamisha kichwa. "Sina, mama," akasema polepole. Miaka ile yote, watoto waliolala bila kumwona mama yao, matope yote yale kwenye vitambaa vyangu, vimekwisha kwa maneno mawili.

Mwenyekiti akasema kikao kimefungwa. Watu wakaanza kukusanya karatasi zao. Profesa naye akasimama, akafunga kifungo cha suti na kuchukua chupa yake ya maji, ambayo alikuwa ameinywa nusu. Akaimba kidogo kwa puani. Na kwa mkono uliozoea, bila hata kuangalia, akafungua kifuniko na kuyamimina maji yaliyobaki yote kwenye ndoo, taratibu, mpaka tone la mwisho.

Karatasi zilibaki hewani mikononi mwa watu. Injinia akafunika uso kwa viganja. Mimi, nakuapia, sikusema kitu, ila kicheko kilinipanda nikakimeza kikanirudi puani.

Profesa akaitazama chupa. Akatazama udongo uliolowa, maji yanachuruzika chini ya ndoo, yanalowesha karatasi zake mwenyewe. Nilimwona uso ukimbadilika, na kwa mara ya kwanza nikamwona kama mtu mzima aliyeogopa.

"Mama mwenyekiti," akaanza. "Kwa namna fulani, mtu anaweza kusema kwamba..."

"Keti, Profesa," mwenyekiti akamwambia, naye akavaa miwani yake upya. "Nani alikuwa anaimwagilia ndoo hii?"

Alikaa. Akakohoa. Akasema, chini chini, "Mimi."

Halafu, kwa kuwa kinyonga haachi kubadili rangi, akanyoosha kidole. "Ingawa, tukiangalia kwa upana, mbegu ya msimu ujao itatoka kwenye ndoo hii hii. Kwa hiyo unaweza kusema nimechangia katika..."

Nilisimama. Kiapo changu kilikuwa kimefika mwisho, na mkono wangu ulikuwa umeshashika ukingo wa ndoo. Wifi akaniwahi. Akaweka kiganja chake kikavu juu ya mkono wangu, na machozi yanamshuka mpaka kidevuni, hata hakuyafuta.

"Profesa," akasema. "Samahani. Hebu rudia lile neno la kwanza."

"Lipi?"

"Ulilomjibu mama mwenyekiti."

Profesa akamtazama. "Mimi," akasema.

"Asante," wifi akamwambia. "Ishia hapo hapo."