Mkono Nilioapia Mezani

Nakumbuka Jumapili moja ya joto pale Muheza, mwanangu, siku ya mwisho ambayo mkono wangu wa kulia ulikuwa bado wangu.

Usicheke. Najua mnavyonitazama nikila kwa mkono wa kushoto, na wengine mmeshanong'ona kwamba huyu hakufunzwa kwao. Nilifunzwa. Hata haya nayaandika kwa huo huo wa kushoto, na shule yenyewe niliishia darasa la nne, basi nivumilie kama utavumilia. Sijawa mzee sana, ndevu tu ndizo zilizotangulia. Lakini nimesikia kwamba wiki iliyopita mlivunja mashindano yenu ya puli ya mezani kwa sababu ya mpira mmoja. Huyu anasema faulo, yule anasema si faulo, mpaka refa akakimbia na chaki mfukoni. Nikaona nikinyamaza nitakuwa na dhambi. Majuto ni mjukuu, na wangu mimi amekuja mapema, ananikalia mapajani kila siku.

Siku hizo tulicheza kwa Mama Estha, mama wa Kilutheri ambaye wazazi wake waliteremka kutoka mashamba ya chai ya Amani. Aliuza supu na chapati, na nyuma ya jiko lake, chini ya bati, ndipo ilipokuwa meza. Waislamu, Wakristo, wauza machungwa, makuli wa stendi, sote tulikuwa pale, na hakuna siku iliyopita bila ugomvi. Huyu wallahi, yule haki ya Mungu, na mwongo mmoja yumo katikati. Siku moja Mama Estha akaja na upawa mkononi akasimama kwenye kona ya meza.

"Jina la Mungu lisitajwe tena kwenye meza yangu," alisema. "Apieni mkono wenu. Si ndio mnaochezea?"

Ikawa ndiyo sheria. Refa asipoona kosa, anayetuhumiwa anaweka kiganja juu ya mpira mweupe, mbele ya watu, na kusema: Kama niligusa, mkono huu uniache. Akishasema, ubishi umekwisha. Hilo tuliliita kuuliza mpira. Na nikwambie kitu, mwanangu. Kwa muda wote niliocheza pale sikumwona mwenye kosa aliyeyafikisha maneno yale mwisho. Angesogeza kiganja, angekikaribisha kabisa, kisha angekirudisha na kujichekesha: "Haya, faulo yangu." Watu wazima na nguvu zao.

Jumapili hiyo niliyoitaja walikuja wachezaji wa Pangani kugombea kombe. Mwaka uliotangulia walitufunga, na wa kabla yake vile vile. Nahodha wetu alikuwa Saidi Makoba. Namtaja, wala sifichi, na akisoma hapa ajue ni yeye. Saidi alitushoneshea mashati meupe ya mikono mirefu yenye vifungo vikubwa, tupendeze. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nasi tulilipia cherehani.

"Nyie watu wa Pangani mmezoea kuvushwa kwa kivuko," Saidi aliwatania walipoingia. "Hapa mtavuka kwa miguu."

"Maji yakijaa utatuomba mkono," mmoja wao alijibu, watu wakacheka.

Mimi, kwenye mchezo wa mwisho wa kuamua, nilipangiwa Athumani, mtu aliyenizidi miaka kumi hivi, mfuaji nazi kutoka Bweni, ng'ambo ya mto. Mpole mno. Kabla ya kuanza aliuliza sheria za nyumba. Kwao, alisema, nguo ikigusa mpira, mpira unarudishwa ulipokuwa na mchezo unaendelea. Kwenu je? Saidi ndiye aliyejibu, tena kwa maringo: hapa kwetu hiyo ni faulo kamili, mpinzani wako anapiga mara mbili. Athumani akaitika. Mtu huuliza njia kabla ya kupita. Sisi wenyeji ndio tuliopotea.

Tulikwenda sawa mpaka mwisho. Yeye alibakiwa na mpira mmoja wa mistari, umekaa mdomoni mwa shimo, na mweusi. Mimi nilibakiwa na mweusi peke yake. Nikainama, nikanyoosha fimbo juu ya mpira wake, na hapo nikausikia. Kifungo cha mkono wa shati kiliugusa. Ulisogea unene wa ukucha, basi. Nikapiga, mweusi ukaingia, wenzangu wakarusha fimbo juu.

Athumani hakupiga kelele. "Mdogo wangu," alisema, "kifungo chako kimegusa mpira wangu."

Refa alikuwa Juma Tolu. Namtaja naye. "Mimi sikuona," Juma alisema, na macho yake yakaenda kwenye bati.

Mtu mmoja kwa nyuma akasema, "Aulize mpira." Saidi akanishika bega, mdomo wake ukiwa sikioni mwangu. "Apia. Huo ni mpira wa dukani, unajua nini? Ukijitaja hapa, usirudi kwangu."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanangu, na niliwaogopa waliokuwa nyuma yangu kuliko kilichokuwa mbele yangu. Nikaweka kiganja.

Bati lile lilikuwa limechomwa na jua tangu asubuhi. Tulikuwa tunalowa jasho. Mpira ule ulikuwa wa baridi, baridi ya kitu kilichotolewa kisimani wakati huo huo. Nikasema, "Kama niligusa, mkono huu uniache." Nikayafikisha mwisho. Jikoni nilisikia upawa wa Mama Estha umesimama.

"Basi," alisema Athumani. "Mpira umesikia." Nikampa mkono tuagane, kama ilivyo ada. Akautazama, kisha akanyoosha wa kushoto na kunishika wa kushoto. Watu waliona.

Sasa ujue kazi yangu ilikuwa nini. Nilikuwa mbebeshaji wa michungwa. Unatoa jicho kwenye tawi la mchungwa mzazi, unalipachika kwenye shina la mche wa mlimau, unafunga kwa utepe wa nailoni, unangoja wiki tatu. Jicho likishika, ukifungua unalikuta kijani. Wenye vitalu mpaka Mkuzi walinifuata mimi, maana mkono wangu ulikuwa haukosi. Ndio uliokuwa shamba langu, ndio nyumba yangu.

Siku ya pili baada ya mechi nikaingia kitaluni na mwenzangu Peter. Tawi moja tuligawana, kisu kimoja tulipokezana, tuta moja, yeye upande huu, mimi ule. Wiki tatu zikapita, tukafungua. Upande wa Peter wote kijani. Upande wangu nilifungua la kwanza, jeusi. La pili, jeusi. Nikaenda mpaka mwisho wa tuta nikifungua macho meusi, yananitazama. Peter akanifuata nyuma, mwisho akaniambia, "Salimu, nenda kapumzike."

Nikajaribu tena. Yakawa yale yale. Nikaanza kuona mkono wenyewe haupati joto. Ningeukalisha juani, ningeuchomeka kwenye maji ya moto, ukitoka ni baridi. Mke wangu Zaina nilimgusa bega mchana mmoja anapepeta mchele, akaruka. "Toa," alisema, "huo kama wa mtu mwingine." Alisema kwa mzaha, lakini tangu hapo akawa anakaa upande wangu wa kushoto.

Siku moja, adhuhuri, nikaenda kwa Mama Estha kunywa supu. Hapakuwa na mtu. Meza ilifungwa kufuli, mipira yote imo tumboni mwake, na juu imefunikwa shuka. Sikuwa nimejua kwamba tangu ile Jumapili Mama Estha hakuruhusu ichezwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, usikilize."

Nikakaa. Ndani ya meza mpira mmoja ukaanza kubingirika. Polepole, kama mtu anayejua aendako. Ulipita upande mrefu wote, ukakata kona, ukaja ukatokea kwenye tundu la mpira mweupe na kugonga mbao: ko. Ukatulia pale, ukitutazama.

"Kila siku, saa hii," alisema Mama Estha. "Nimeuweka ndani, unarudi. Nikasema labda sakafu imeinama. Nikaleta fundi, akapima, sakafu iko sawa." Akaniwekea bakuli la supu mbele yangu. "Aliyeushika mwisho ni wewe, baba. Mimi sikuona ulichofanya, na sikuulizi. Lakini mdaiwa akigongewa mlango, jirani ndiye asiyelala."

Supu niliiacha. Kesho yake nikapanda basi la Pangani, nikavuka mto mpaka Bweni. Athumani nilimkuta anafua nazi, anaziteremsha kwenye kifuo, ule mti wa ncha, moja baada ya moja, na hakuacha kazi aliponiona.

"Kaka Athumani," nikamwambia, "niligusa."

"Najua."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Nilikusamehe siku ile ile, kivuko hakijafika ng'ambo." Akafua nyingine. "Kwani ulidhani mimi ndiye niliyekushika? Mimi ni mfuaji nazi tu. Hukuniapia mimi, mdogo wangu. Rudi kaseme pale uliposemea, kwa waliosikia."

Nikamwonyesha mkono. Akaugusa kwa ncha ya kidole, akakifuta kidole chake kwenye kikoi. "Nenda mapema," alisema.

Jumapili iliyofuata nikawaomba wote waje. Mama Estha akafungua kufuli, akatoa shuka. Mpira mweupe ulikuwa umeshatoka, unangoja. Nikaweka kiganja juu yake nikasema, "Niligusa. Mchezo ule ulikuwa wa Athumani." Na wallahi, hapa naweza kulitaja jina maana sipo mezani, mpira ukapata joto chini ya kiganja changu kama yai chini ya kuku.

Ningependa nikwambie kwamba mambo yaliishia hapo. Juma Tolu alicheka. "Kwani nani hakuona?" alisema. "Mimi niliona, Saidi aliona. Sasa unatuumbua ili iweje?" Mwenyewe alisema, mbele ya watu, na leo anasali safu ya mbele. Saidi Makoba hakucheka. Alisema nimerogwa na Wapangani, kwamba kombe litarudishwa na tutazomewa mpaka Tanga mjini. Nilikuwa bado sijautoa mkono mezani. Akainua fimbo kwa upande wa kitako na kuishusha hapa, kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulilia kama kuni.

Kama niligusa, mkono huu uniache. Basi uliniacha. Waliufunga, ukaunga vibaya, vidole vitatu havikunjiki tena. Peter na wengine wanasema alinivunja Saidi, na ni kweli, ni yeye, na hakuna aliyemuuliza mpaka leo. Sasa ndiye anayepanga mashindano yenu. Mwangalie mikono akikupa zawadi, ni mizima. Hilo ndilo linalonikereketa, sikufichi, na nikifa nalo nitakuwa nimekufa nalo. Lakini usiku na mchana nikiufikiria mkono huu najua Saidi alimalizia tu. Wa kwanza kuuvunja nilikuwa mimi, tena kwa maneno.

Nilijifunza kubebesha kwa kushoto, taratibu, kama mtoto anayefunzwa kula. Tuta la kwanza nilifungua utepe mmoja mmoja. Kijani. Sikulia kwa ule mfupa, nililia hapo. Mpira wa Mama Estha nao haukubingirika tena.

Sasa sikiliza, mwanangu, yale niliyokuandikia. Kabla ya mchezo, ulizeni sheria na mkubaliane kwa sauti, kila mtu asikie, maana kila kijiwe kina yake. Ukigusa, sema umegusa, refa hajafumbua mdomo. Faulo ni mapigo mawili ya mwenzako. Baada ya hapo mnacheka na mnakunywa soda. Na zaidi ya yote, mtazame anayekunong'oneza sikioni uape. Mkono wake ameuweka wapi? Uko begani mwako, haupo juu ya mpira. Kiapo hakimli aliyekusukuma, kinamla aliyeweka kiganja. Kombe tulilirudisha, na hao niliowaogopa hakuna hata mmoja aliyekuja kuniona nimelala.

Jumamosi mtacheza, nimeambiwa, na meza mliyoinunua ni ile ile ya Mama Estha, mmebadilisha kitambaa tu. Sikukatazi. Kunja mikono ya shati, cheza vizuri. Ukishindwa, shindwa, ukishinda, mpe mwenzako mkono wa kulia, na aupokee bila kusita. Mungu akukinge na marafiki wa begani, akutilie ukweli mdomoni kabla haujakauka, na akuache uzeeke na mikono yako yote miwili, ya moto.