Kitufe cha Shangazi Libérate

Siku tisa zilikuwa zimepita tangu Onésime aweke ufuatiliaji wa hitilafu za programu, na skrini haikuwa imeonyesha hata kosa moja. Hilo ndilo lililomnyima raha. Mrundi huyu alikuwa amefanya kazi Nairobi na Brussels kabla ya kufika ofisi hii ya Sundbyberg, nchini Sweden, na kote alikopita hakuwahi kukutana na programu isiyokosea.

"Kijani tupu, kama majani ya sombe!" alicheka Kahindo wa meza ya pili, mzaliwa wa Butembo, Kongo. "Wee Papa, unatafuta ugonjwa kwa mutu muzima?"

Programu zenyewe zilikuwa vijipande vya msimbo wa JavaScript visivyo na seva ya kudumu: huamka vikiitwa, hujibu, hulala papo hapo. Mzee akibonyeza kitufe cha dharura kilichoning'inia shingoni, kijipande huamka na kumwita muuguzi. Libérate, shangazi yake Onésime, alikuwa na kitufe hicho nyumbani kwake, mtaa wa Spånga. Onésime mwenyewe ndiye aliyemvalisha.

Saa nne kasoro robo asubuhi alibonyeza kitufe cha majaribio. Skrini ikawa nyekundu. Lakini kosa halikuwa la sasa; lilikuwa la saa tatu na dakika tano.

Hapo Onésime akaelewa. Mbonyezo wa kwanza ulikuwa ukikikuta kijipande kimelala fofofo, na muda wa kujibu ukiisha kabla hakijamwita mtu. Kisha kinalala tena pamoja na ripoti ya kosa lake, isitoke mpaka kitufe kingine kibonyezwe. Waswidi hubonyeza mara tano, mara sita, kwa hasira. Mbonyezo wao wa pili hupita na kulifuta kosa la kwanza, hakuna anayelalamika.

"Ni nani huyo wa saa tatu?" aliuliza Kahindo, kicheko kimemkauka.

Onésime alisoma jina. Shangazi yake alilelewa kwamba kuita mara moja ni adabu, kuita mara mbili ni kumkaripia mtu.

Alimpigia shangazi; simu iliita mpaka ikakatika. Kahindo akabaki akisaka muuguzi; Onésime akakimbilia treni.

Kule Spånga alifungua mlango kwa ufunguo wake. Libérate alikuwa sakafuni jikoni, mguu umepinda vibaya, kitufe kiganjani.

"Nilibonyeza, mwanangu," alinong'ona. "Nikajua wamesikia. Nikawangoja."

Onésime alitoa simu aite ambulensi. Ikatetemeka mkononi kabla hajagusa namba: ripoti nyingine ya kosa, la nusu saa iliyopita, la mtu wa mtaa wa Hjulsta. Naye alikuwa amebonyeza mara moja tu.