Mila ya Kubaki Nje ya Pango

Muchiri wa Matisi aliwatembeza wageni wa gesti moja nje ya Kitale, na kwa maneno hakuna aliyemweza. Kule Saiwa angekuonyesha swala wa kwenye kinamasi kabla hujamwona. Kule Chetambe, penye ngome ya zamani, angekuigizia vita vyake vyote kwa fimbo. Lakini mkifika mapango ya Mlima Elgon, alisimama mlangoni na kusema, "Mila za hapa haziruhusu kiongozi wa wageni aingie." Ukweli ni kwamba aliwakwepa popo wa humo kama ukoma.

Mwaka wa 2006 akaja Mama Nasimiyu, mwalimu mstaafu kutoka Kimilili, aliyezaliwa chini ya mlima huo huo. Alimsikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa.

"Ni kweli, kijana. Lakini si umesahau nusu? Anayebaki nje lazima aimbe, tena kwa sauti, ndio mlima ujue hajabaki kwa uoga."

Wageni wote wakamgeukia Muchiri. Angeikanaje mila aliyoitunga mwenyewe? Akakohoa, akaanza wimbo wa kanisani kwa Kikuyu, nao wakaingia na tochi zao.

Mama Nasimiyu hakuwa na haraka. Huko ndani alifungua hadi chapati zake akala.

Muchiri alikuwa kwenye ubeti wa tatu, macho ameyafumba, aliposikia mabawa. Sauti yake ilikuwa imeingia pangoni sawasawa, na popo wote walikuwa wanatoka kuja kuona ni nani anayeimba.