Gari Dogo Nyuma ya Kubwa

Mume wangu alipostaafu alinunua gari la kulala, lenye vitanda, jiko na choo ndani. Ni kubwa mno, halipiti popote penye njia nyembamba, kwa hiyo safari yetu ya kwanza ya Salala, mji ulio ng'ambo ya jangwa, niliendesha gari letu dogo nyuma yake ili tukifika tupate cha kutembelea. Siku nzima ya jangwa nilitazama kisogo cha gari lile. Yeye peke yake mbele, mimi peke yangu nyuma. Tuliporudi nyumbani Sib nilimwambia sikuolewa niwe msafara. Safari ijayo nakaa ubavuni mwake, au siendi.

Akalichukua neno langu, akaamua gari kubwa lilivute lile dogo. Bahati nzuri gari dogo ni la gia za mkono. Fundi alituambia mengi ya otomatiki hayafai kuvutwa magurudumu yote yakiwa chini, gia zinaungua. Akavua bampa ya mbele, akafunga chuma kwenye chesisi na mkono wa kuunganishia, akaongeza minyororo ya tahadhari. Akavuta waya ili taa za nyuma za gari dogo ziwake pamoja na za kubwa, akaweka na kifaa cha kulikanyagia breki. Akatuagiza gia iachwe huru, usukani usijifunge, na ndani asikae mtu.

Hilo la mwisho hatukumwambia wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, tunayeishi naye. Kwetu gari haliondoki na viti vitupu wakati kuna mtu ana haja ya kutoka. Tulilitoa kulijaribu, tukasimama pembeni kukagua taa, tukamkuta amekaa kiti cha nyuma cha gari dogo, kikapu mapajani.

"Nimeona mnaelekea sokoni, gari tupu," alisema. "Nnataka samaki."

Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikaacha, maana aliongeza, "Na Salala pia ntakwenda nanyi. Nafasi si ipo?"

Asubuhi ya safari alitangulia kupanda gari kubwa, akakaa mbele. Mtu mzima huwezi kumwambia ahame. Nikaenda kukaa kwenye kochi la nyuma, karibu na jiko. Niliumia, tena niliona haya kuumia kwa ajili ya kiti.

Mume wangu hakuwasha gari. Dada huyu ndiye aliyemlea, na sijapata kumsikia akimkatalia jambo.

"Dada," alisema, macho kwenye usukani, "lile gari nimelifunga chuma kwa sababu nnataka mke wangu akae hapa. Nakuomba uhamie nyuma."

Wifi alimtazama, akanigeukia mimi. "Si mngesema," alisema, akachukua mkoba wake, akaja kwenye kochi.

Nikaenda kukaa mbele.  Tulipoipita Nizwa nilimmenyea mume wangu chungwa, nikawa nampa kipande kimoja kimoja.